Jino la Plastiki Likivunjika: Maneno kwa Mafundi Saa Wanaoanza

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza kushika bisibisi ndogo, nawasalimu na nashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitupa bila kukitazama mara mbili: gia ya plastiki iliyovunjika ndani ya saa ya zamani. Mteja analeta saa ya mezani ya miaka ya 1970, fundi anafungua, anaona jino moja halipo, anafunga na kusema, "Hii basi, mama, spea zake hazipatikani." Spea kweli hazipatikani. Lakini hilo neno "basi" ndilo lililonileta hapa leo, kwa sababu mara nyingi si la kweli.

Nataka mshike jambo moja tu, na mengine yote yatafuata nyuma yake. Gia ya plastiki hufa kwa njia mbili. Iko inayouawa na nguvu, na iko inayokufa kwa uzee. Ile iliyouawa na nguvu ina jino moja au mawili yaliyokatika, na sehemu iliyobaki ni nzima, ngumu, ina rangi yake. Hiyo inatengenezeka. Ile iliyokufa kwa uzee imegeuka rangi, imejaa nyufa ndogo, ukiigusa kwa ncha ya kibano inatoa unga, au inanata kama iliyopakwa asali. Hiyo hata ukiitia gundi bora kuliko zote duniani, utakuwa umeunganisha unga na unga. Haitengenezwi, inaundwa upya. Fundi asiyetofautisha hayo mawili atapoteza siku nzima kwenye gia isiyopona, na kesho yake atatupa gia ambayo ingepona kwa kazi ya jioni moja.

Niseme kidogo plastiki ilifikaje humo ndani, maana nasikia ikitukanwa sana. Plastiki iitwayo Bakelaiti iligunduliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Nailoni ilitoka kwa Wallace Carothers katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1935. Plastiki iitwayo asetali, ile nyeupe ngumu yenye utelezi, kampuni hiyohiyo iliiingiza sokoni mwaka 1960 kwa jina la Delrin. Kwa mtengenezaji wa saa vitu hivi vilikuwa neema. Gia ya plastiki inamiminwa kwenye kalibu na kutoka na meno yake yote, haipigi kelele, ni nyepesi, na mara nyingi haihitaji mafuta. Saa ya betri ina nguvu ndogo sana ya kusukuma mishale, kwa hiyo kila gramu unayoipunguza ndani yake ina faida. Waliochagua plastiki walijua wanachofanya. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba hawakutarajia saa ile iwe bado mezani baada ya miaka hamsini.

Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe. Kabla hujagusa gundi, jiulize kilichovunja jino ni nini. Jino haliamki asubuhi likaamua kukatika. Kwa saa za kutia ufunguo, sababu kubwa ni springi kuachia ghafla: ama imekatika, ama fundi aliyetangulia alifungua mashine bila kuilegeza kwanza. Nguvu yote ya springi inapita kwenye meno kwa mara moja, na jino dhaifu kuliko yote ndilo linalolipa. Kwa saa za umeme na za betri, sababu ya kawaida ni mkono wa mtu. Anarudisha mshale nyuma kwa nguvu wakati kengele imejifunga, au anasukuma saa iliyokwama ili "aisaidie". Tena wateja hawasemi. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini kwa fundi maradhi hayo yanajificha ndani ya mashine, na usipouliza kwa upole utarekebisha jino na saa itarudi mwezi ujao na jino lilelile.

Kuna mzee aliniletea saa ya mezani aliyopewa na kaka yake aliyekuwa baharia. Gia ya mshale wa saa ilikuwa imekatika meno mawili, na mafundi wengine walikwisha kumwambia aitupe. Nilipofungua, niliona tundu la katikati ya uso wa saa limejaa kutu na mafuta yaliyoganda, kiasi kwamba bomba la mshale lilikuwa halizunguki bila kulazimishwa. Meno yalikatika kwa sababu ya lile tundu. Kulisafisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na bila kulisafisha kazi yote ya meno ingekuwa bure.

Uzee nao una sababu zake. Plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto kuliko metali: asetali hutanuka karibu mara tano ya shaba njano na mara nane hivi ya chuma. Sasa fikiria gia ya plastiki iliyoshindiliwa kwenye shafti ya chuma. Miaka inapita, plastiki inasinyaa, chuma hakikubali kupungua, na kitovu cha gia kinabaki kimevutwa mchana na usiku. Mwishowe kinapasuka, na ufa unaanzia kwenye tundu la katikati kwenda nje. Nailoni ina tabia nyingine ya kunywa unyevu. Nailoni 6 ikilowa mpaka ishibe inaweza kubeba maji karibu asilimia 9 ya uzito wake, ikavimba, kisha ikikauka ikarudi. Saa iliyotoka pwani ikapelekwa mahali pakavu, kisha ikarudishwa pwani, gia zake zimekuwa zikipumua hivyo muda wote. Ongezeni na jua la dirishani. Ugonjwa huu hauko kwenye saa peke yake: wanaotengeneza dashibodi za magari ya zamani ya Kijerumani wanajua vizuri zile gia ndogo za kuhesabia kilomita zinazobomoka zenyewe.

Ufa wa kitovu una dalili ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha ugonjwa hata kabla hujafungua mashine. Ufa ukipita katikati ya meno mawili, nafasi baina yake inapanuka kidogo, na kila mara nafasi hiyo inapofika kwenye gia ya jirani saa inakwama. Kwa hiyo andika saa inakwama kila baada ya muda gani. Ikikwama kila baada ya saa 12, angalia gia ya mshale mfupi. Ikikwama kila saa moja, angalia ile inayobeba mshale mrefu. Na ikikwama kila baada ya saa tatu, katika saa nyingi mgonjwa ni gia ya kati iliyo chini ya uso, maana hiyo kwa kawaida huzunguka mara moja kwa saa tatu. Daftari na kalamu tu, na umeshajua pa kuingilia.

Jambo la pili kabla ya gundi ni kujua plastiki yenyewe ni ipi. Hapa huhitaji maabara. Chukua kipunje kidogo cha jino lililovunjika, kisiwe na kipande cha chuma. Kitie kwenye maji ya kawaida yenye tone la sabuni ili mapovu yasikibebe. Kisha tengeneza maji ya chumvi yaliyoshiba, gramu 360 hivi za chumvi kwa lita moja, ukoroge mpaka chumvi ikatae kuyeyuka zaidi. Nailoni ya kawaida inazama kwenye maji matupu lakini inaelea kwenye maji hayo ya chumvi. Asetali inazama kote kuwili. Kuna nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, nayo huzama pia, lakini utaijua kwa sura ya mahali ilipokatikia, pana vinywelea. Tahadhari nyingine: usisafishe gia usiyoijua kwa asetoni wala thina. Nailoni na asetali zitavumilia asetoni, lakini plastiki nyingine, kama ABS na polistairini, zitayeyuka mbele ya macho yako.

Kwa nini tunahangaika kuijua? Kwa sababu ya gundi. Asetali haishikwi vizuri na gundi yoyote tuliyonayo madukani. Supagluu itaonekana imeshika, utafurahi, na siku ya tatu jino litadondoka zima likiwa na ngozi ya gundi chini yake. Nailoni ina nafuu ukiikwaruza kwa msasa. Lakini kanuni yangu kwa zote mbili ni kwamba jino lishikwe na umbo, na gundi iwe ya kujaza tu.

Jino moja likiwa limekatika, nafanya hivi. Nasawazisha mahali lilipokuwa. Kwa msumeno mwembamba wa sonara nakata mfereji kuingia kwenye mwili wa gia, kisha kwa tupa ndogo naupanua upande wa chini, uwe mpana ndani na mwembamba mdomoni. Nachonga kipande cha shaba njano, au cha nailoni ngumu, chenye umbo lilelile, kirefu kuliko jino linalotakiwa. Kinaingia kwa ubavu na hakiwezi kuvutwa kwenda nje hata bila gundi. Hapo ndipo natia epoksi, ile ya kukauka polepole na si ya dakika tano, na naiacha siku nzima. Kesho yake nachonga jino. Usichonge kwa kukisia. Nachukua kipande cha karatasi ngumu, nakikata kifuate umbo la meno matatu mazima upande wa pili wa gia, halafu nakitumia kama kipimo: piga tupa mara mbili, weka karatasi, tazama kwa lenzi, piga tupa mara mbili tena. Jino jipya lisizidi wenzake kwa kimo. Likizidi hata unywele, litagonga shina la gia ya jirani na kuvunja la huko.

Meno mawili au matatu yaliyofuatana hutaka kipande kimoja kipana kilichochongwa meno yote pamoja, si vipande vitatu vilivyobanana. Pia ipo njia ya pini: unatoboa tundu dogo kuelekea katikati ya gia, unashindilia waya wa shaba wa nusu milimita, unaujengea epoksi juu yake na kuichonga. Njia hiyo naikubali kwa gia zinazozunguka polepole na kubeba mzigo mdogo, kama zile zilizo chini ya uso wa saa. Kwa gia inayopokea nguvu ya springi moja kwa moja, siikubali kabisa, na nawaomba msiijaribu kwenye saa ya mtu.

Kitovu kilichopasuka kinataka akili nyingine. Ukikijaza gundi na kukishindilia tena kwenye shafti ileile, umerudisha mvuto uleule uliokipasua. Kwanza panua tundu kidogo sana, kiasi gia ikae kwenye shafti bila kubana. Kisha visha pete nyembamba ya shaba kuzunguka kitovu kwa nje, au kama hakuna nafasi ya pete zungushia waya mwembamba wa shaba, na ufa ufungwe na hiyo pete. Baada ya hapo ndipo epoksi inaifunga gia na shafti. Shafti ikwaruzwe kwanza, maana epoksi haishiki chuma kinachong'aa.

Sasa, gia ikiwa imekufa kwa uzee, lazima uunde nyingine, na hapo tunahitaji hesabu. Msiogope. Fundi anayehesabu hapotezi vifaa.

Tuchukue gia za chini ya uso. Mshale mrefu uzunguke mara 12, mfupi mara moja. Mpangilio unaokutana nao sana ni huu: gia ndogo ya mshale mrefu ina meno 12 na inasukuma gia ya kati yenye meno 36, hapo tumepata tatu. Juu ya gia ya kati kuna gia ndogo ya meno 10 inayosukuma gia ya mshale mfupi yenye meno 40, hapo tumepata nne. Tatu mara nne ni 12. Kwa hiyo gia ya mshale mfupi ikikufikia imebomoka nusu, na ukahesabu kwa makisio ukapata 39 au 41, hesabu yenyewe inakukatalia: ni 40. Gia zilizobaki hai zinatoa ushahidi juu ya ile iliyokufa.

Ukubwa wa jino nao tunaupata kwa moduli. Chukua kipenyo cha gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la pili, gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Gia ya meno 40 yenye kipenyo cha milimita 21, gawanya 21 kwa 42, moduli ni 0.5. Lakini meno ya saa mara nyingi hayachongwi kwa umbo la meno ya mashine nyingine, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya kukaribia. Kipimo cha kuaminika zaidi ni umbali kati ya shafti mbili, kwa sababu bamba la chuma halikusinyaa. Jumlisha meno ya gia mbili zinazokutana, zidisha kwa moduli, gawanya kwa mbili. Kumi na arobaini ni 50, mara 0.5, nusu yake ni milimita 12.5. Tazameni sasa uzuri wa jambo hili: ile jozi nyingine, 12 na 36, iko kwenye shafti zilezile mbili, umbali uleule wa 12.5, lakini jumla ya meno yake ni 48. Kwa hiyo moduli yake si 0.5 bali ni karibu 0.52. Fundi anayechukua moduli ya jozi moja akaitumia kwa nyingine atapata gia inayokwaruza, na hatajua kwa nini.

Kijana mmoja ananiuliza hapa mbele: kwa nini tusichapishe tu kwa printa ya 3D? Swali zuri, na mimi siipingi printa. Lakini hesabu tena. Jino la moduli 0.5 lina unene wa kama milimita 0.78 pale katikati. Printa ya uzi wa plastiki iliyo nyingi madukani ina mdomo wa milimita 0.4. Jino lako zima ni mistari miwili ya plastiki iliyolala ubavu kwa ubavu. Kwa gia kubwa za kengele inaweza kufaa, kwa hizi ndogo haifai. Printa ya rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa, inachora vizuri zaidi, ila rezini ya kawaida inakatika kama biskuti, kwa hiyo tafuta ile iliyotengenezwa kuwa ngumu na yenye kunyumbuka, na upime gia baada ya kukauka kabisa chini ya taa, si kabla. Walio na uwezo wa kuagiza gia iliyochapwa kwa unga wa nailoni, hiyo kwangu ndiyo bora kati ya za kuchapa.

Kama huna printa, bado una silikoni. Rekebisha gia ya zamani kwa nta mpaka meno yote yakamilike, itengenezee kalibu ya silikoni, halafu mimina rezini ya sehemu mbili. Nta haihitaji nguvu, inahitaji umbo tu. Adui yako hapo ni mapovu, basi mimina polepole kutoka upande mmoja na uchokonoe kila jino kwa sindano.

Kuna wanaosema, weka ya shaba uimalize kazi. Nawasihi mfikiri kwanza. Mahali pengi ile gia ya plastiki ndiyo ilikuwa inakubali kuvunjika ili nyingine zisivunjike. Ukiweka shaba hapo, siku saa itakapokwama jino litakalokatika ni la jirani, pengine la gia ambayo huwezi kuichonga. Isitoshe shaba nzito kwenye saa ya betri inapunguza nguvu ambayo tayari ilikuwa haba. Naweka shaba pale tu ninapojua nguvu inatoka wapi na inaishia wapi.

Niseme neno juu ya saa za umeme wa ukutani zilizotoka Marekani, maana ndugu wanaporudi nyumbani huja nazo. Saa hizo, tangu Henry Warren alipoleta mota yake mwaka 1916 kule Ashland, Massachusetts, zinahesabu wakati kwa mapigo ya umeme. Kule umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, huku kwetu mara 50. Transfoma inashusha volti, haibadilishi mapigo. Saa nzima isiyo na kasoro yoyote itachelewa dakika 10 kila saa moja, na nimeona mafundi wakiivua gia baada ya gia wakitafuta jino bovu ambalo halipo. Baadhi ya saa za Copal za Japani, zile za vibao vinavyoanguka, zilitengenezwa kwa mapigo yote mawili, 50 na 60, kwa hiyo tazama mgongoni kwanza. Na kama ndani kuna jozi ya meno 6 na 36, furahi, kwa sababu 7 na 35 inakaa kwenye umbali uleule, jumla ni 42 kote kuwili, na uwiano unashuka kutoka sita kuwa tano, ndicho hasa tunachokitaka. Gia iliyovunjika hapo inakuwa nafasi ya kuifanya saa isome wakati wa huku.

La mwisho linaniuma, na nitalisema wazi. Msing'oe mashine ya zamani mkaweka ile mashine ya betri ya bei ndogo nyuma ya uso mzuri, kisha mkamrudishia mzee saa mkimwambia imepona. Haikupona. Kama mteja mwenyewe anataka hivyo, ni mali yake, lakini aambiwe, na mashine yake ya zamani afungiwe kwenye mfuko pamoja na kila kipande, hata gia iliyobomoka. Gia hiyo ndiyo kipimo atakachohitaji fundi mwingine atakayekuja kuijaribu.

Na kazi ikiisha usiitoe siku hiyohiyo. Jino jipya la gia ya mshale mfupi linakutana na mwenzake mara moja tu kwa saa 12. Saa ikitembea mchana mmoja dukani, huenda jino lako halijajaribiwa hata mara moja. Iache wiki nzima, weka kengele ilie kila asubuhi, na kila siku tazama mishale miwili ikipita kwenye 12 pamoja. Ikiwa mshale mfupi unayumba pale jino jipya linapopita, jino bado ni nene.

Mezani nimeweka gia nne, mbili zimekufa kwa nguvu na mbili kwa uzee, na maji ya chumvi yako kwenye bilauri ile. Vijana, sogeeni na lenzi zenu mniambie ipi ni ipi.